Kabla Hawajakuita Daktari

Mami,

Sauti ya mwisho niliyoisikia kwako kabla sijaondoka ilikuwa ya viatu. Ulikuwa na miaka miwili, na Cucu, mama yangu, alikuwa amekununulia vile viatu vya watoto vinavyolia kila mguu unapokanyaga, pwii, pwii, pwii, ili akiwa jikoni ajue uko wapi. Asubuhi ile alikushika mkono akakwambia mnaenda dukani kutafuta mandazi. Nilisimama nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Makongeni, sanduku langu likiwa limeshafungwa kamba, nikasikiliza viatu vikishuka ngazi, vikapita bomba la maji, vikakata kona. Viliponyamaza ndipo nilipotoka.

Kwetu mtoto haagwi, anatorokwa. Kila mtu aliniambia hivyo: ukimuaga atalia, akilia nawe utalia, na utaanza safari vibaya. Nikatii. Baadaye Cucu aliniambia kwamba mliporudi ulifungua kila mlango ndani ya nyumba, hata wa kabati la vyombo, huku umeshika andazi moja ambalo ulikataa kulila. Lilikuwa langu.

Nilikaa China miaka sita.

Kesho nitakuja kukuchukua kwa Cucu twende uwanja wa ndege. Usiku wako wa mwisho umechagua kuulala Makongeni badala ya hapa Ruiru, nami najua sababu, ingawa ulisema ni kwa ajili ya kusuka nywele. Una hasira. Nilikataa sherehe ya kukuaga, na siku nilipokataa ulinitazama kama mtu anayetazama mlango wa benki uliofungwa. "Mum, hata watu wakienda Mombasa wanafanyiwa pati," ulisema. Cucu naye akapiga makofi ya mshangao. "Ngai! Sasa mtoto ataondoka kama mtu ameiba?"

Sikuwajibu. Mimi ni mtu wa kujibu wiki mbili baadaye, unanijua. Basi jibu ni hili. Sitakuandikia habari za sweta, wala wanaume, wala kupika ugali kwa unga usio wa ugali. Hayo tumeshayasema mpaka ukaziba masikio. Ninachotaka ni kimoja tu: uende huku njia ya kurudi ikiwa wazi. Mimi yangu ilifungwa kabla sijapanda ndege, na walioifunga walikuwa watu wanaonipenda.

Mimi nilifanyiwa sherehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na harambee ya kunichangia nauli na ada ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na mnada wa kuku, na kuku yule aliuzwa na kurudishwa na kuuzwa tena mpaka akachoka kupiga kelele. Msema chochote alishika kipaza sauti akasema, "Daktari wetu, simama watu wakuone! Hebu geuka, wa nyuma nao waone!" Nikasimama. Nikageuka. Wakapiga makofi, na tangu saa ile sikuitwa tena jina langu. Kwenye foleni ya chai, mzee mmoja fundi wa baiskeli alinisimamisha, akapandisha suruali mpaka gotini.

"Daktari, hebu angalia hii mguu. Imefura tangu mwezi ule mwingine."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na barua ya kukubaliwa chuoni. Ningesema sijui. Lakini alikuwa ameniita daktari, na daktari hujibu. Nikamwambia apunguze chumvi, maneno niliyoyasikia redioni. Akanishukuru kwa mikono miwili. Sikuwahi kujua mguu ule uliishia wapi. Mama yangu naye akawa Mama Daktari: dukani, kanisani, kwenye foleni ya maji. Kabla sijafungua kitabu kimoja cha udaktari, mtaa mzima wa Makongeni ulikuwa umeshanihitimisha.

Mwaka wa pili, China, nilitaka kurudi. Hili hujalisikia kwa mtu yeyote. Sikuwa nimefukuzwa. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa anatomia, lakini wengi walianguka. Ni kwamba niliamka siku moja nikaona sitaki. Nilikuwa nikilala na koti. Nilikuwa nikizungumza na wewe kwa simu kila Jumapili na kuishiwa na maneno kabla salio halijaisha. Umekula? Ndiyo. Umeenda kucheza? Ndiyo. Basi. Cucu alikuwa amekufundisha kuniita Mum wa simu, ili unitofautishe na Mum wa nyumbani, ambaye ni yeye.

Wewe na yeye mna jina moja, Wambui. Kwa kuwa baba yako hakuja kujitambulisha nyumbani, jina la kwanza lilikwenda upande wetu badala ya kwa mama yake, na ndiyo maana ninyi wote wawili nawaita Mami. Siku ile nilimpigia yule mkubwa.

"Mami, nataka kurudi nyumbani."

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimechoka. Nafikiri hii kazi si yangu."

Nikasikia akiweka sufuria chini. Kisha akasema polepole, si kwa hasira, "Sasa nitawaambia watu nini?" Alikuwa akiniuliza kweli. Alingoja jibu. Basi akafanya alichoona ni cha huruma: akakupa simu. Nikamsikia akikunong'oneza, "Msalimie daktari." Nawe, kwa ile sauti ya mtoto anayekariri, ukasema, "Habari yako, daktari?"

Nikasema nzuri. Sikuomba tena kurudi.

Usimlaumu Cucu. Alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima kwa ajili yangu, na mtu aliyesimama hivyo hawezi kuketi tu kwa sababu mtoto wake ana baridi. Nami leo napenda kazi yangu. Siwezi kukwambia kwamba ningerudi wakati ule ningekuwa na furaha. Ninachoweza kukwambia ni kwamba sikubaki kwa sababu nilichagua. Nilibaki kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama, na hayo ni tofauti, hata kama ukiyatazama kwa mbali yanafanana. Miaka minne iliyobaki niliisoma kwa meno yaliyokazwa. Ndiyo sababu mimi ni mkali kuliko ninavyotaka kuwa.

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Bungoma, tumwite Wekesa. Aliacha masomo mwaka wa tatu bila kumwambia mtu. Kila Disemba alikuja chumbani kwangu kuazima koti langu jeupe na stethoskopu apigwe picha ya kutuma kwao. Tulikuwa tunacheka. "Usiivae kama taulo," nilikuwa namwambia, "wewe ni daktari, si bondia." Naye alikuwa akijibu, "Nyamaza, nesi, nina wagonjwa wananingoja." Nilidhani kumwazima lile koti ni wema. Wazazi wake walizichapisha picha zile wakazitundika sebuleni. Mara ya mwisho nilipopata habari zake alikuwa bado huko, akiosha vyombo kwenye mkahawa, na kwao bado wanamsubiri. Anaweza kurudi vipi, Mami? Sanduku lake angelijaza nini?

Kwa hiyo, ulipokuja na wazo la kusomea udaktari nje, sikuogopa ada kwanza. Unakumbuka ofisi ya yule wakala pale Thika, ghorofani, yenye kalenda za majumba yaliyofunikwa na theluji? Alikuwa na suti iliyombana na heshima nyingi.

"Mum, hapa usijali. Masomo yote ni ya Kiingereza."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa aje?"

"Wagonjwa nao ni wa Kiingereza?"

Ulinifinya chini ya meza. Akacheka. "Hayo ni mambo ya mwaka wa nne, mum. Vijana wanashika lugha haraka. Mimi kila mtu nimepeleka amefika."

"Sikuulizi waliofika. Nauliza waliorudi, wakafanya mtihani wa bodi ya madaktari hapa, wakapita."

"Eish! Mum, kwani wewe ni polisi?"

Ulipokuwa ukishuka ngazi hukunisemesha. Ulidhani nakutafutia sababu ya kutokwenda. Nilikuwa nauliza maswali ambayo hakuna aliyeniulizia mimi. Nilipochagua chuo changu nilisoma ukurasa wa bei nikaishia hapo. Sikuuliza kama chuo kina hospitali yake au kinaazima vitanda vya wengine. Sikuuliza kama mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kumgusa mgonjwa au anasimama nyuma kama mgeni wa harusi. Sikuuliza kama bodi ya kwetu inakitambua, nikabahatika kwamba ilikitambua. Rahisi si kosa, Mami. Tungesubiri cha bei ghali, mimi na wewe, tungezeeka tukisubiri. Kosa ni kufikiri kwamba vyote vya rahisi ni rahisi kwa sababu moja.

Wewe ulifanya vizuri kuliko mimi. Ulimtafuta yule msichana wa Mwihoko anayesoma kwenye chuo cha kwanza tulichokuwa tumekipenda, kile cha bei ya chini kabisa, ukamweka kwenye spika nisikie. "Kusema ukweli," alisema, "tunaingia wodini darasa zima, mgonjwa mmoja. Mimi sijawahi kusikiliza moyo wa mtu. Nimesikiliza wa sanamu." Hukunitazama, ila ulichukua kalamu ukakata jina la chuo kile mwenyewe. Ukachagua hiki cha Georgia ambacho bei yake imezidi kidogo lakini kinawafundisha lugha ya pale tangu wiki ya kwanza, na mtihani wake ni wa lazima. Nilijivunia, ila sikusema. Nakwambia sasa.

(Cucu amewaambia wanawake wa kanisa kwamba unaenda Amerika. Nilimweleza kuna Georgia mbili. Akafikiri, akaniuliza, "Na kwa nini tumechagua ile ndogo?")

Ile lugha usiichukulie kama somo la ziada. Nikwambie lililonipata. Mwaka wa tano tuligawiwa wagonjwa, nikapewa bibi mmoja mzee mwenye maji kwenye mapafu. Sentensi zangu nilikuwa nimezikariri vizuri: Unaumwa wapi? Tangu lini? Vuta pumzi. Nilizisema bila kosa hata moja, na yule bibi akafurahi kweli. Alidhani nimeelewa lugha yake. Akanishika mkono akaanza kuniambia. Aliniambia kwa muda mrefu sana. Alilia kidogo, akacheka, akaonyesha dirishani, akanyoosha vidole kama anayehesabu watu. Nilikuwa nikitikisa kichwa. Katika maneno yote yale nililoshika ni moja, "kula." Sikujua kama hawezi kula, au hana wa kula naye, au ananiuliza kama mimi nimekula.

Nilikuwa najua kuuliza. Sikujua kujibiwa.

Niliandika kwenye faili lake kuhusu mapafu. Niliyoandika yalikuwa sahihi yote. Mwalimu alinisifu. Usiku ule nilikupigia simu, ingawa haikuwa Jumapili, nikakuuliza, "Umekula?" Ukasema ndiyo. Nikakaa na simu sikioni baada ya wewe kuiacha mezani, nikasikiliza televisheni ya Cucu mpaka salio likaisha.

Niliporudi ulikuwa na miaka minane. Ulikuja kunipokea ukiwa umevaa sare ya shule ili nione kwamba unasoma. Ukanipa mkono. "Karibu," ukasema, kama mtu anayemkaribisha mkaguzi. Tulipohamia hapa Ruiru, nyumba ikiwa na harufu ya rangi mpya, ulikuwa ukikaa kwenye ngazi jioni bila kusema kitu, nami nilikuwa nikija na kukaa kando yako, nikikuuliza kwa ile sauti niliyofundishwa: Una nini? Inauma wapi? Tangu lini? Siku moja ukanigeukia ukasema, "Mum, mimi si mgonjwa."

Niliacha kuuliza. Nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kuwa mama yako, na labda hata daktari. Tulikaa pale mpaka mbu wakatufukuza. Kisha wewe mwenyewe, bila kuulizwa, ukaanza kunieleza habari za mwalimu wenu wa hesabu ambaye hupangusa ubao kwa tai yake.

Sina fundisho la kukupa kutokana na hilo. Nimelitafuta jioni yote hii na sijalipata. Ninajua tu kwamba katika kazi hii utajazwa maswali kichwani, mazuri, ya kitaalamu, na watu watakujibu kwa maneno usiyoyategemea, wengine kwa Kijojia na wengine, ukirudi, kwa Kikuyu cha Gatanga. Kuna siku utakuwa mpweke mpaka utataka kumwuliza mgonjwa yeyote maswali yote kwa mfululizo ili tu sauti isikatike. Kaa naye kwanza.

Nyumba imenyamaza sana. Umechukua redio yako, na sikujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikizungumza humu ndani miaka yote. Jirani wa juu anavuta kiti. Nimekunja nguo zako ulizoziacha, nimezikunjua, nimezikunja tena. Nilipoondoka mimi nilikuacha na mtu. Wewe unaniacha na zamu za hospitali. Sisemi hivi ili uone huruma, maana mtu wa miaka kumi na minane hapaswi kupanda ndege akiwa amebeba mama yake. Nasema kwa sababu nilikuahidi kwamba barua hii haitakuwa na uongo.

Sasa rudi kwenye sherehe. Niliikataa kwa sababu nilijua jinsi ambavyo ingekwenda. Angesimama mtu na kipaza sauti. Wangekuita lile jina. Ungesimama, ungegeuka, wa nyuma nao wakuone, na kuanzia hapo usingeweza kunipigia simu mwaka wa pili na kusema, "Mum, hii kazi si yangu," bila kuona nyuso zile zote. Ndiyo maana hata michango waliyokuwa wameanza kuileta kwa Cucu niliirudisha, nyumba kwa nyumba, nikinywa chai katika kila moja. Wengine waliona ni kiburi. "Ama pesa yetu haina rangi?" mmoja aliniuliza. Niliwaambia wakuombee tu, na wakuite Wambui.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sikukuomba ruhusa.

Unajua ile nafasi ya uuguzi uliyopangiwa pale Thika, uliyoicheka. "Siwezi kwenda kuwa nesi na wewe ni daktari," ulisema, nami nikakuacha, kwa sababu ulikuwa ukimjibu Cucu na kanisa na mtaa, wala hukuwa ukinijibu mimi. Uliniambia umewaandikia kwamba huitaki. Niliangalia. Hukuwa umewaandikia. Labda ulisahau. Labda hukusahau.

Jumanne nilipotoka zamu sikuja nyumbani. Nilitoa nakala ya kitambulisho chako kwenye faili la viza, nikaenda Thika mpaka ofisi ya usajili. Mama aliyekuwa pale dirishani alikuwa akila chungwa. Nikamwambia nataka usajili wa binti yangu uahirishwe mwaka mmoja.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anaenda kujaribu kitu kingine kwanza."

"Kikimkubali?"

"Mtampa mwingine hiyo nafasi."

"Na kikikataa?"

"Atakuja hapa, aanze na wenzake. Na mtu asimuulize alikuwa wapi."

Akanitazama, akapangusa vidole, akasema, "Hiyo ya mwisho siwezi kuandika kwenye fomu, mama." Lakini zile nyingine aliziandika, akapiga muhuri.

Kutoka hapo nilipita Makongeni nikamweleza Cucu. Alikuwa akichambua maharagwe. Nikamwuliza, "Akirudi kabla ya kumaliza, utawaambia watu nini?" Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Nitawaambia amerudi."

Imefanyika, Mami. Nafasi ni yako mpaka Septemba ijayo, na mama yangu amejibu.

Mum